Nukta Iliyosimama Kwa Adolphine

Foleni ya malori pale mpakani Kasumbalesa ni ndefu hivi kwamba, kama wasemavyo madereva wa Kolwezi, mtu anaweza kufika mkiani mwake akiwa kijana, akaoa mwanamke anayeuza mihogo kando ya barabara, akazaa, na mtoto akaanza shule kabla kizuizi hakijainuliwa. Huo ni uongo. Mtoto huwa tayari yuko darasa la pili.

Kwa hiyo kila mwenye malori anahitaji mtu kama Djafari. Djafari ndiye aliyepanga lori lipi litoke kwanza, lipi lingoje, nani abebe shaba na nani abebe magunia ya kobalti. Yeye ndiye aliyempigia dereva simu na kumwuliza amekwama wapi, kisha akamgeukia mwenye mzigo na kumwambia hakuna aliyekwama. Kwa Kifaransa kazi hiyo huitwa dispatcheur. Madereva walimwita Tata Ekra, kwa sababu siku nzima alikodolea macho ekra, kioo cha kompyuta kilichoonyesha kila lori kama nukta ndogo inayotambaa barabarani. Mwenyewe hakuwahi kuendesha lori hata kulitoa getini.

Asubuhi ile alikuwa akinywa chai mbele ya nyumba yake, mtaa wa karibu na Musonoi, ambako vumbi la mashimo ya mgodi huonja kila chakula kabla ya mwenye nyumba. Mkewe Rachida alikuwa akikaanga maandazi. Shafii, mdogo wake Rachida, akaingia na funguo za lori zikining'inia kidoleni. Kabla ya kila safari lazima apite kwa dada yake.

"Dada, leo chai iko na sukari, ao ni ile ya bagonjwa?"

"Sukari iko kwa muke yako. Latifa hapike chai?"

"Latifa iko na mimba. Anapika matusi tu."

Rachida alicheka na kumrushia andazi la moto. Shafii alilidaka, akalihamisha mkono huu kwenda mkono ule, akaketi karibu na shemeji yake.

"Shemeki, unanipanga wa ngapi?"

"Wa kwanza. Mwenye mali iko analia tangu jana."

"Muzuri." Shafii alishusha sauti. "Na pale Kwa Adolphine?"

Djafari alitazama ndani ya kikombe. Kwa Adolphine ni mahali kwenye njia ya kwenda Likasi, chini ya mteremko, ambapo mama wa jina hilo ana kibanda cha maji na ndizi. Nyuma ya kibanda kuna mapipa. Dereva akisimama pale, mpira unaingizwa kwenye tangi, bido mbili za mazutu, yaani madumu mawili ya dizeli, zinatoka, na lori linaendelea na safari likiwa jepesi kidogo. Kila mtu anajua habari za Adolphine, isipokuwa wale wanaolipwa kuzijua.

"Shafii, patroni alisema nini? Ukisimama tena bila sababu, unarudisha funguo."

"Njo maana Mungu alinipa shemeki."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshe. Mutoto anakuya, sina hata nguo ya kumufunika. Mara moja tu. Ya mwisho."

Rachida aliendelea kugeuza maandazi kama mtu asiyesikia. Alikuwa anasikia vizuri sana.

Djafari angependa kukataa. Lakini mwaka uliopita alikuwa ameripoti dereva mmoja wa ukoo wa mkewe kwa kosa hilohilo, na baba mkwe wake, mzee Feruzi, akamwita barazani. Mzee Feruzi alitoka Kasongo zamani na lori moja bovu, na kwa maelezo yake mwenyewe alilivusha mto Lualaba juu ya migongo ya viboko wawili kwa kuwa kivuko kilikuwa kimeharibika. Hakuna aliyethubutu kumwuliza viboko walilipwa nini. Mbele ya ukoo mzima mzee alimwambia Djafari: "Umeoa kwetu, halafu macho yako unayapangisha kwa patroni?" Watu walicheka. Tangu siku hiyo Djafari alikuwa anafunika. Kufunika ndilo neno lao: lori la ndugu likisimama, dispatcheur anaandika sababu.

"Ya mwisho," alisema.

"Ya mwisho kabisa," alisema Shafii, akicheka kama mtu aliyeizoea ahadi hiyo. Akambusu dada yake kichwani, akaondoka na maandazi mawili mfukoni, mafuta yakipenya kwenye suruali.

*

Ofisi ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha, katikati ya uwanja wa malori. Ndani kulikuwa na ekra, meza mbili, na Gael, shefu wa uwanja, kijana aliyemzidi Djafari kwa mshahara na kwa sauti. Gael hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na desturi ya kusimama nyuma ya mtu anayefanya kazi, akitafuna, na makombo yakimwangukia huyo mtu begani.

Jua lilikuwa limeshapanda wakati nukta ya lori namba kumi na mbili, la Shafii, iliposimama. Rangi yake ilitoka kijani ikawa ya machungwa. Djafari aliiona. Ilikuwa karibu na Kwa Adolphine, labda nyuma kidogo, lakini kwenye ekra kilomita ni unene wa ukucha, na nani hupima ukucha?

"Muzee," alisema Gael, "kumi na mbili inasimama."

"Pine, shefu."

"Alikuambia?"

"Aliniambia."

Ulikuwa uongo mdogo, laini, uliokwisha kuzoea njia. Gael akaguna. Djafari akaandika: pine, yaani tairi limepasuka.

Hapo simu yake ikatetemeka mfukoni. Haikuwa ile ya kazi, ilikuwa yake mwenyewe. Aliitoa nusu, akaona jina la Shafii. Gael alikuwa bado nyuma yake, na simu ya mtu binafsi mbele ya ekra ilikuwa jambo zito: dispatcheur wa uwanja mwingine alikuwa ameshikwa akiwapigia wezi kuwaambia malori ya kobalti yanapita saa ngapi. Tangu hapo Gael hakutaka kuona simu yoyote isipokuwa ya kazi. Djafari akakata.

Ikatetemeka tena. Akakata.

"Muke?" aliuliza Gael.

"Muke, shefu."

"Hao batu. Ukiwa hapa banakutafuta, ukiwa ku nyumba banakufukuza."

Djafari alicheka inavyopasa. Ikatetemeka mara ya tatu. Huyu mtoto, aliwaza, amekwisha kuuza bido zake na sasa anataka tucheke pamoja. Alikata, kisha akaizima kabisa.

Asubuhi iliendelea. Malori mengine yaliingia na kutoka, mwenye mzigo alipiga simu kulia, akabembelezwa, akapiga tena. Nukta ya kumi na mbili haikusogea. Djafari alikuwa akiitazama kwa pembeni, kama unavyomtazama mgeni aliyekaa sana. Alikasirika kwanza. Amelala huyu. Amekula ndizi za watu, amelala.

Simu ya kazi ililia. Alikuwa Rachida.

"Djafari, simu yako imekufa?"

"Niko ku kazi. Unataka nini?"

"Latifa anasema Shafii hajibu. Inalia, inalia, hajibu. Na miye nilimupigia, vilevile."

"Iko mu njia. Pale reseau ni mubaya, simu haishike."

"Reseau ikiwa mubaya, itaweza kulia?"

"Rachida. Niko namuona hapa. Iko muzima."

Aliiweka simu chini. Gael alikuwa ameinama juu ya ekra.

"Pine gani hii, muzee? Anaibadilisha, ao anapanda kwanza muti wa mpira?"

Djafari alicheka tena. "Jeki iliharibika, shefu. Anangojea namba saba imuachie yake."

Huo ulikuwa uongo wa pili, nao ulikuwa na kasoro: namba saba lilikuwa linakuja kweli. Djafari aliiona nukta yake ikikaribia ile iliyosimama. Ikaifikia. Ikaipita bila hata kupunguza mwendo. Gael alikuwa ametoka kwenda kumgombeza fundi. Djafari akampigia dereva wa namba saba, mtu mmoja aitwaye Banza.

"Banza, umemuona Shafii hapo?"

"Shafii? Hapana, Tata Ekra. Njia iko safi. Hakuna lori yenye ilisimama."

"Angalia muzuri."

"Minaangalia na macho yote mbili. Hakuna kitu."

Lori lenye mzigo wa shaba haliwezi kufichwa mfukoni. Djafari akampigia mwanamke ambaye alikuwa amejiapiza kutompigia kamwe kwa simu ya kazi.

"Mama Adolphine, mwambie Shafii aamuke. Sasa hivi."

"Nimwambie wapi?" alisema Adolphine. "Hajafika. Tangu asubuhi bido zangu zinamungojea."

*

Lori lilikuwa limeacha barabara juu ya mteremko, kabla ya Kwa Adolphine, likashuka korongoni na kumezwa na majani marefu. Breki zilikuwa zimekataa. Kutoka barabarani usingeona kitu, labda tu majani yaliyolala, kama yamelaliwa na ng'ombe. Mabamba ya shaba yalikuwa yametelezea mbele yote kwa pamoja, yakaisukuma kabini na kuikunja.

Watu wa karibu walikuwa wamelijua mapema. Njia ya miguu ilikuwa imeshachongwa na nyayo, na chini ya tangi lililopasuka udongo ulikuwa umekwanguliwa kwa vikombe. Walikuja na bido, na sufuria, mmoja hata na beseni la kuogeshea mtoto. Mazutu yalipokwisha, walikwenda zao. Alibaki mwanamke mmoja tu, mchoma makaa, ameketi kando ya kabini na mkono wake ndani ya dirisha lililovunjika. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na nyekundu juu ya weusi.

Wanaume wa kreni ya uwanja, iliyotumwa na Djafari, walishuka mbio. Gael alishuka nyuma yao, viatu vyake vikiteleza. Djafari alifika wa mwisho, ingawa ndiye aliyekuwa ameanza kukimbia wa kwanza.

"Polepole," alisema yule mwanamke. "Hakuna haraka tena. Ameenda sasa hivi tu."

Shafii alikuwa bado ana joto. Mguu ulikuwa chini ya chuma, na damu ilikuwa imetoka pole pole, kwa saa nyingi, kama maji ya mfereji usiofungwa vizuri. Angekatwa mguu angeishi. Fundi wa kreni alisema hivyo kwa sauti, hakukusudia ubaya. Djafari alimfumba macho.

Gael alimvuta pembeni.

"Muzee. Ulisema ni pine."

Djafari alitazama magurudumu ya lori. Yote yalikuwa mazima, yamejaa upepo.

"Njo vile alisema, shefu."

"Yeye mwenyewe? Na mdomo yake?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi alikudanganya," Gael alisema, akifuta uso. "Masikini. Alikuwa anakufa, na alikuwa anadanganya. Kampuni itauliza juu ya nini alidanganya. Sijue sasa kama batapenda kumusaidia mujane."

Marehemu alikuwa amelala kwenye majani, na tayari alikuwa mwongo.

*

Walimzika kesho yake. Baada ya kutoka makaburini watu walirudi kukaa kilio nyumbani kwa mzee Feruzi, wanaume juu ya mikeka chini ya turubai, wanawake upande wa jikoni, na kati yao nafasi ya watu wawili kupishana. Mzee Feruzi, ambaye kwa kawaida angekwisha kutoa hadithi mbili tatu, alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Latifa aliketi kwenye godoro, ameinama juu ya tumbo lake. Rachida alikuwa pembeni yake, amemshika mkono.

Gael alikuja na gunia la mchele na sukari, akaviweka chini yeye mwenyewe, jambo ambalo watu walilisifu. Akavua viatu, akaketi karibu na Djafari. Soksi yake moja ilikuwa na tundu. Akala kidogo, akatoa pole kwa lugha zote alizozijua.

Pikipiki ya taxi ilisimama nje, na yule mwanamke wa makaa akaingia. Alikuwa amejisugua mikono, lakini weusi wa makaa haushindwi na sabuni moja. Alisimama kwenye ile nafasi ya kati.

"Mi naitwa Ndaya," alisema. "Mutoto wenu alikufia mu mikono yangu. Kwetu, mutu akikufia vile, unapeleka maneno yake kwa ba ndugu, ao itakukamata mu usingizi. Munisamehe."

"Karibu, mama," alisema mzee Feruzi. "Sema. Aliteseka?"

"Aliteseka, tata. Sitakudanganya. Nilivuta ile chuma mpaka kucha zikatoka." Aliwaonyesha, bila kujivuna. "Nilililia ba batu. Banasema tunakuya, tunakuya. Banachota mazutu."

Mwanamke mmoja upande wa jikoni aliguna kwa uchungu.

"Kwanza alikuwa na nguvu. Alinichekesha hata. Alisema, mama, chukua hii andazi mu mfuko, mi leo siko na njaa. Akatosha simu, akapiga. Ikalia kidogo, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Nikamwambia, piga mutu mwingine. Akasema hapana, huyu njo iko na kreni, huyu njo ananiona ku ekra. Ni shemeki yangu. Iko na kazi, atarudia."

Hakuna aliyesogea.

"Mara ya tatu ikakatwa vilevile, na simu ikamuponyoka, ikaanguka chini ya kiti, kwenye mukono haufike. Kisha ikaanza kulia yenyewe. Inalia, inakaa, inalia. Alisema, mama, unasikia? Anarudia. Alikuwa anafurahi. Hatukuweza kuifikia. Akakufa anaisikia."

Latifa alitoa sauti ndogo. Alikuwa ni yeye aliyekuwa akipiga, yeye na Rachida.

Mzee Feruzi aliacha kukunja kofia. "Shemeki," alisema. "Shemeki gani?"

Shafii alikuwa na shemeji mmoja tu aliyeweza kutuma kreni. Nyuso ziligeuka taratibu, moja baada ya nyingine. Gael naye aligeuka, donge la wali mkononi, na kwenye uso wake kulikuwa na kitu kilichokuwa kinaanza kujumlishwa: simu mfukoni, pine, jeki.

Djafari alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, ni miye, mtoto wa miaka miwili huyatamka. Aliangalia upande wa jikoni na kukutana na macho ya mkewe. Rachida alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma bei ya kitu ambacho lazima akinunue. Alijua. Ile simu ilitoka nyumbani ndani ya mfuko wa mume wake; mchana aliipiga mwenyewe akaikuta imezimwa. Alimtazama yeye, akamtazama Gael, akawatazama watoto wake wawili waliokuwa wanasukumana karibu na gunia la mchele.

"Ni miye," alisema Rachida.

"Weye nini?" aliuliza baba yake.

"Simu ya Djafari ilibakia ku nyumba ile siku. Nilikuwa nayo. Nikaona jina ya Shafii." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Nilikuwa na mafuta ya moto. Nikafikiri ananipigia juu ya michezo yake. Nikakata."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, baba. Kisha nikaizima."

"Nilikupigia mimi," alisema Latifa, sauti ikipanda. "Nilikwambia hajibu. Ukaniambia labda amelala. Ulijua kama alikutafuta, ukaniambia amelala?"

"Nilisahau."

"Ulisahau!"

Ndaya alikunja uso. "Lakini alisema shemeki," alisema polepole. "Hakusema dada."

"Hakujua nani iko anakata," alijibu Rachida. "Nani angejua?"

Latifa aliondoa mkono wake kutoka mkono wa Rachida, kidole kimoja kimoja, akaufuta kwenye kanga yake. Kisha akamtemea. Haikufika mbali, maana hakuwa na mate, lakini wote waliiona.

Mzee Feruzi alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Toka," alimwambia binti yake. "Toka mu kilio ya mutoto wangu. Usirudie hapa kama ningali muzima, na nikikufa usikuye vilevile."

Sasa, macho yote yalipokuwa kwa Rachida, Djafari alikuwa na nafasi yake. Ilikuwa nafasi ndefu. Rachida alijifunga kitambaa, akatafuta ndara zake kati ya ndara nyingi, akapata moja, akaitafuta ya pili, akaikosa. Mwanamke mmoja alikuwa ameikalia na hakujisumbua kuinuka. Djafari aliona yote hayo. Akatazama mkeka.

Rachida alipita katikati na ndara moja mguuni. Watoto walimfuata, babu yao akawaita warudi, mmoja akarudi. Pikipiki iliyomleta Ndaya ilikuwa bado nje. Hakuipanda. Alikwenda kwa miguu kuelekea Musonoi, mguu mmoja ukiacha alama ya ndara na mwingine ukiacha alama ya vidole.

Upande wa jikoni wanawake walisogea, nafasi yake ikajaa. Mtu alianza kusoma dua, na sauti za wanaume zikamfuata. Gael, kama aliikumbuka ile simu iliyotetemeka mfukoni, alikuwa ameamua kuisahau; alingoja mpaka amina ya mwisho. Kisha akamwinamia Djafari na kumwekea mkono begani, palepale ambapo siku nyingine huangusha makombo.

"Pole sana, muzee. Banawake, tutafanya nini." Akavuta viatu vyake karibu. "Malori imejaa ku parking, hakuna mutu wa kuyapanga. Kesho utakuya?"

Mzee Feruzi alikuwa amemgeukia mkwewe, macho yana huruma ambayo hajawahi kumwonyesha tangu amwoze binti yake. Akamsogezea sahani ya wali.

"Nitakuya, shefu," alisema Djafari, akanyoosha mkono, akala.